Nani Atanikosha?

Pensheni ya serikali ya Uingereza ina vituko vyake. Ukihamia Mauritius au Uturuki, hupanda kila mwaka. Ukirudi Zanzibar, hubaki pale pale ulipohamia nayo, hata uishi miaka mia. Ni mambo ya mikataba baina ya nchi, basi. Mume wangu, mtu wa hesabu, keshaamua: Uturuki. Hospitali zipo, adhana utaisikia. "Na kule, Mama Salma," huniuliza, "nani atakudai?"

Hilo ndilo linalonitisha. Nisipodaiwa na mtu, nani atanikosha nikifa?

Aya ya mwisho ya Sura Luqman imeshanitoa katika shauri la ardhi nitakayofia: shauri hilo si langu. Wapo wanaosema basi hata kupiga hesabu ni upungufu wa tawakali. Sikubali. Kaburi silichagui, lakini majirani nawachagua.

Kwetu Zanzibar, mtaani Ng'ambo, wanawake wa mtaa hufika na pamba na ubani kabla hujamaliza kupiga simu. Ila walionijua wengi wametangulia, na watoto wao wananiona mgeni wa Ulaya, mtu wa kuombwa. (Uhamiaji nao hivyo hivyo: Tanzania haikubali uraia pacha, nami nilishachukua wa Uingereza.) Je, haki ya ujirani humsubiri aliyekosa maziko yote yale? Sidhani. Itabidi niianze upya, msiba baada ya msiba. Pensheni na igande.

Mume wangu anataka kwanza ajue bei ya dawa zake za sukari mjini Unguja, na ana haki ya kuuliza.