Bwana Afya na Dhamiri Zetu

Bwana Afya aonekanapo mlangoni, mwenye mgahawa hukumbuka ghafla kufunika vyakula na kuweka sabuni penye maji ya kunawa. Akiisha kwenda zake, sabuni hurudi kabatini. Je, ndugu msomaji, ni nani aliyedanganywa?

Wengi watajibu: ni mkaguzi. Sivyo; yeye hatakula chakula kile. Aliyedanganywa ni mteja, asiyeweza kuingia jikoni wala kujua kama maji yamechemshwa. Yeye hula kwa kuamini tu. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, kilienea mikoani kwa maji na vyakula vilivyochafuliwa, wakaugua watu zaidi ya 20,000. Vijidudu vyake havionekani kwa macho. Ndiyo maana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 humpa mkaguzi ruhusa ya kuingia tusikoweza kuingia sisi.

Basi, ampaye mkaguzi bahasha ili afumbe macho hanunui urafiki. Anauza uhai wa jirani yake. Naye aipokeaye ni mshiriki wa biashara hiyo. Ukaguzi ni wa siku moja. Siku zilizobaki mwenye mgahawa hukaguliwa na dhamiri yake peke yake.