Je, Chombo Hakina Dhambi?



Miongoni mwa maneno ambayo watu huyasema bila kuyapima ni haya: kwamba chombo hakina dhambi, dhambi ni ya mtumiaji. Kisu, husema, hukata nyama ya karamu, na kisu hichohicho huua mtu. Basi kisu kina kosa gani? Mimi nami kwa miaka mingi nimeyasema maneno hayo darasani, katika chuo cha dini ninakofundisha ng'ambo, wala hakutokea mwanafunzi wa kunipinga. Aliyenipinga ni kijana mmoja wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, tena hakunipinga kwa hoja bali kwa swali, na swali lenyewe lilihusu urithi.

Kijana huyu aliingia katika Uislamu miaka michache iliyopita. Marehemu baba yake alikuwa amefanya kazi Nairobi tangu ujana wake, maana kutoka nchi ya Wangoreme hadi mpakani Sirari si safari ya kutisha, na wengi wa rika lake walivuka kutafuta kibarua. Alikuwa mfagizi katika nyumba moja ya kamari. Mitambo ya zamani ilipoondolewa humo ili kuweka ya umeme, yeye aliomba apewe mmoja badala ya kutupwa, akaufunga kwa magunia, akarudi nao kwao. Ukakaa pembeni mwa ghala la mahindi zaidi ya miaka 30. Mzee alipofariki, ng'ombe waligawanywa, shamba likagawanywa, na sanduku lile la chuma na mbao likamwangukia mwana wa mwisho, nadhani kwa sababu hakuna aliyelitaka.

Nilipofika likizoni, kijana alinipeleka nyumbani kwao kulitazama. Jirani mmoja alikuwa ameshatoa hukumu kwamba ni mzani wa duka. Mama yake alisema mumewe aliliita "mashine ya Wazungu", basi, wala hakupata kueleza zaidi. Lilikuwa na uzito wa kilo kama 40, lina mkono wa chuma upande wa kulia, tundu la sarafu juu, bakuli dogo chini, na usoni kioo ambacho nyuma yake yalionekana magurudumu matatu yenye picha. Tulipofuta vumbi na kutu tukaona picha zenyewe: tunda la cheri, ndimu, plamu, kengele, na kibao cheusi chenye herufi za Kiingereza. Ubavuni palikuwa na namba, na juu ya bamba jina la kiwanda cha Mills cha mji wa Chicago, Marekani. Hapo nikajua ni kitu gani.

Mitambo ya namna hii ilianzia San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, katika karakana ya fundi mmoja mhamiaji kutoka Ujerumani aitwaye Charles Fey, ambaye wa kwake wenye magurudumu matatu aliupa jina la kengele ya uhuru. Sheria zilipoanza kuipiga marufuku, watengenezaji walibuni hila. Waliifanya itoe peremende za kutafuna zenye ladha ya matunda, ili waweze kudai kwamba mtu hachezi kamari, ananunua peremende. Ndiyo sababu matunda yako pale hadi leo, na kile kibao cheusi kinatokana na chapa ya peremende hizo. Peremende zimesahauliwa, uongo umebaki usoni mwa mashine kama kovu. Nako Japani kuna mchezo uitwao pachinko, uliostawi mjini Nagoya baada ya Vita Kuu ya Pili, ambamo vijipira vya chuma vyenye upana wa milimita 11 huporomoka kati ya misumari nyuma ya kioo. Sheria ya huko hairuhusu ukumbi kumlipa mshindi fedha taslimu. Basi hupewa zawadi ndogo, akatoka nje, akaenda kwenye kidirisha kilicho jirani, akaiuza zawadi ile kwa fedha. Na kila mmoja katika mnyororo huo hujiona hana hatia. Namtaja Mjapani ili msomaji asidhani kwamba hila hii ni ya taifa moja.

Tuendelee. Kabla sijafika, mume wa dada yake, mtu mchangamfu wala si mbaya, alikwisha kuutambua mtambo kwa akili yake mwenyewe. Alisema hili ni dubwi la zamani. Msomaji aliyepita katika senta zetu za vijijini hana haja ya kuelezwa dubwi ni nini: ni yale masanduku ya rangi kali yenye taa, ambamo watu wazima, na mara nyingine watoto waliotumwa chumvi, hutumbukiza sarafu za shilingi 200. Shemeji alimleta fundi wa baiskeli, naye, kwa ustadi unaostahili sifa, aliondoa kiota cha panya, akapaka mafuta, akaweka springi mpya mahali pa ile iliyokatika. Mkono ukavutika. Shauri la shemeji lilikuwa kuuweka mtambo kwenye kilabu cha pombe, na kwa mapato yake kuezeka upya nyumba ya mama yao, ambayo paa lake linavuja, kabla mvua za masika hazijaanza.

"Mwalimu," kijana aliniambia, "mimi sikuununua. Sikuutafuta. Nimeachiwa na baba. Nikiutengeneza chuma kilichoharibika, nimetenda kosa gani?"

Nikataka kumpa kisa changu cha kisu. Lakini kwanza, kwa udadisi tu, nikauvuta ule mkono. Sitakuficha, ndugu msomaji. Hapakuwa na sarafu wala mshindani wala tuzo. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na zaidi, mwenye kanzu, nimesimama ghalani. Gurudumu la kwanza likasimama: kengele. La pili: kengele. Moyo ukaruka. La tatu likatoa plamu, na mkono wangu, kabla sijauamuru, ulikuwa tayari unavuta mara ya pili.

Hilo lilinitisha kuliko kitabu chochote nilichosoma juu ya kamari. Tukaomba bisibisi, tukafungua mgongo wa sanduku, tukayatoa magurudumu na kuyahesabu pale mezani, mimi, kijana na yule fundi wa baiskeli.

Kila gurudumu lilikuwa na picha 20. Basi namna ambazo magurudumu matatu yaweza kusimama ni 20 mara 20 mara 20, yaani 8,000. Gurudumu la kwanza lilikuwa na kengele 5. La pili lilikuwa na kengele 6. La tatu lilikuwa na kengele 1. Tafadhali simama hapa kidogo. Kama kila picha ina nafasi sawa, kengele tatu hutokea kwa namna 5 mara 6 mara 1, yaani 30 tu katika zile 8,000. Lakini kengele mbili za kwanza zikifuatwa na picha nyingine hutokea kwa namna 5 mara 6 mara 19, yaani 570. Kwa kila mara moja ambayo mtu atapata, mara 19 atadhani alikaribia kupata. Wala si kwa bahati. Kuna mtu huko Chicago aliyeketi na karatasi na kalamu, akaamua kengele ziwe nyingi mwanzoni na chache mwishoni, ili moyo wa mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, uruke kama wangu ulivyoruka. Fundi wa baiskeli alizihesabu mara ya pili, kisha akaguna.

Sasa nirudi kwenye kisu. Aliyefua kisu alikusudia kikate. Hakukusudia kikate nani. Kusudi lake liko wazi pande zote mbili, na mtumiaji huja na nia yake mwenyewe. Mtambo huu si hivyo. Nia ya aliyeutengeneza haikubaki kifuani mwake alipokufa. Ameiandika katika meno ya chuma na mpangilio wa picha, nayo inafanya kazi yeye akiwa kaburini. Mvutaji anaweza kuja na nia njema kabisa, hata nia ya kuezeka nyumba ya mama, na magurudumu hayatajua. Kwa hiyo kutengeneza ni neno lisilo jepesi kama tunavyolisema. Anayetengeneza kitu hukirudishia kazi yake, na kazi ya kitu ni nia ya aliyekibuni. Springi ile mpya haikuponya chuma peke yake. Ilifufua shauri la mtu.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, inapotaja ulevi na kamari haikani kwamba mna faida ndani yake kwa watu. Inasema tu kwamba dhara lake ni kubwa kuliko faida. Nami napenda insafu hiyo. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inatoza kodi na kuwakataza walio chini ya miaka 18, na kodi hiyo bila shaka hufanya kazi fulani. Hata mabati ya shemeji yangekuwa mabati ya kweli. Lakini yangetoka wapi? Kwenye mifuko ya watu walewale wanaokunywa katika kilabu kile, ambao nyumba zao nazo zinavuja. Sura Al-Maida inaongeza kwamba shetani hutumia mambo hayo kutia uadui na chuki kati ya watu na kuwasahaulisha Mungu wao. Na mtu aliyeona ugomvi wa wanandoa juu ya fedha ya unga iliyomezwa na dubwi hahitaji tafsiri.

Shemeji, alipoona hesabu yetu, alitoa shauri la pili, la busara zaidi: uwekwe nyumbani, watoto wachezee punje za mahindi, pasiwe na fedha. Hapo nikakumbuka mapokezi ya Abu Talha r.a., aliyemwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. juu ya mayatima waliorithi pombe. Tazama jinsi kisa kinavyofanana: urithi, tena wa mayatima, ambao mali yao inalindwa kuliko mali yoyote. Akaambiwa aimwage. Akauliza, je, asiigeuze siki? Akakatazwa. Zamani nilidhani jibu hilo ni gumu kupita kiasi, maana siki ni halali. Ghalani mle nililielewa vizuri zaidi. Mtoto avutaye kwa punje za mahindi hapotezi kitu, ila mkono wake unajifunza mwendo ule, na moyo wake unajifunza ule mruko. Siku atakapopata shilingi 200, somo atakuwa amelimaliza.

Lakini pombe ikimwagwa haibaki kitu, na chuma hubaki chuma. Kwa maoni yangu kamari haikuwamo katika chuma bali katika mpango wake, na mpango ukivunjwa chuma ni safi kama cha jembe. Wako watu Ulaya na Marekani wanaokusanya mitambo hii, na ya pachinko pia, kwa kuitazama tu, nao hulipa vizuri. Kijana aliniuliza habari yao. Nilimwambia kwamba sioni njia ya kumjua mnunuzi wa mbali wala mnunuzi atakayenunua kwake, na kwamba mwanachuoni mwingine huenda angemjibu kwa wepesi zaidi. Aliamua mwenyewe. Springi alimrudishia fundi, mbao zikawa rafu, chuma akauza kwa kilo. Magurudumu matatu ameyabakiza, hayana mhimili, na huwaonyesha vijana wa senta namna ya kuhesabu kengele.

Nataraji wasomaji walioingia katika dini kutoka katika mila za wazee wao wameona ninapoelekea. Mtu hurithi kazi ya ujima na ukarimu kwa mgeni, na pengine hurithi pia kisasi cha wizi wa ng'ombe kilichoanza kabla hajazaliwa. Yote huitwa kwa jina moja, mambo ya wazee, na wengine huyatunza yote, wengine huyatupa yote, kwa sababu kufungua mgongo wa sanduku na kuhesabu ni kazi.

Kuna jambo moja bado. Ndani ya mtambo, katika mrija wa sarafu, tulikuta shilingi 43 za Kenya, zenye kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta. Kijana aliuliza ni za nani. Nikamwambia kuwa mali isiyojulikana mwenyewe hutolewa sadaka kwa ajili ya mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: mshahara wa baba, je, haukutoka katika sarafu kama hizi? Na ng'ombe alionunua kwa mshahara huo, na maziwa yao yaliyonilea?

Nilimjibu kwamba baba yake alilipwa kwa kufagia, na kufagia ni kazi halali. Kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Kwamba yaliyopita kabla mtu hajajua, Mungu ni Mwenye kusamehe. Yote ni kweli. Lakini nilimwona anayasikiliza kama mtu asikilizaye mvua iko mbali.

Mwezi uliofuata, nilipokuwa nimesharudi chuoni, aliniandikia. Alisema paa bado linavuja, na kwamba wamelifunika kwa turubai upande wa jikoni. Zile sarafu alizichukua hadi Sirari, akavuka hadi Isebania, akampa kipofu mmoja aombaye karibu na kituo cha mabasi, maana zilitoka Kenya. Juu ya ng'ombe hakuandika neno.