Kasuku Anayejinyonyoa: Kosa ni la Mdomo au la Tundu?

Kasuku akianza kujinyonyoa manyoya, mara nyingi huanza kifuani. Halafu anashuka kwenye miguu, anaingia chini ya mabawa, mpaka ngozi inabaki wazi na pengine inatoka damu. Kichwa peke yake kinabaki na manyoya yake yote, kwa sababu mdomo haufiki kule. Ndiyo maana anatisha kumwangalia: kichwa kizuri cha ndege mzima juu ya mwili wa kuku aliyekwisha kuchovywa maji ya moto.

Watu wakimwona wanauliza: ndege huyu ana nini? Swali ni la haki, lakini linamwelekea yeye tu. Hakuna mtu aliyemnyonyoa. Mdomo ni wake, damu ni yake, basi tunaona na kosa ni lake. Mimi nataka kuuliza jingine: maumivu ambayo kiumbe anajifanyia mwenyewe, ni nani wa kuyajibia?

Wengi wetu tunaotoka Kongo tunamjua kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kwao ni misitu ya Maniema, ya Kisangani, na nchi nyingine zenye misitu mpaka Afrika Magharibi. Porini anaishi na kundi kubwa, analala na wenzake, anaruka mbali kutafuta matunda na kokwa, anaoa mke mmoja na kutaga katika shimo la mti. Akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40 na zaidi. Ana akili pia. Kasuku aliyeitwa Alex, aliyefundishwa Marekani na Irene Pepperberg kuanzia 1977 hadi alipokufa 2007, alijifunza kutaja rangi, maumbo na hesabu ndogo.

Akili hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa sababu anasema maneno ya watu, watu walimtaka nyumbani. Wawindaji wakamnasa kwa ulimbo, wakamkata manyoya ya mabawa, wakamsafirisha katika masanduku pamoja na wenzake, na wengi wakafia njiani. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES walikutana Johannesburg wakamweka katika daraja la juu la ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ni marufuku. Lakini walio ndani ya matundu tayari wanaendelea kuishi humo, na miaka yao ni mirefu. Kule msituni, katika kundi lake, ndege hana tabia hii ya kujivua manyoya mpaka abaki uchi. Tabia hiyo ni ya tundu.

Hapa lazima twende polepole. Si kila kasuku anayejinyonyoa ana huzuni. Wengine wana wadudu, wengine fangasi ya ngozi, wengine wanalishwa mbegu za alizeti tu mwaka mzima na mwili unakosa vitamini. Wengine wametafuna waya wenye madini ya sumu, au wanakaa jikoni kwenye moshi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni daktari wa mifugo. Naliona hili kuwa jambo la maadili kabisa, siyo la dawa tu. Huku kambini tunajua vizuri makosa ya pande mbili: mtu analia tumbo anaambiwa “ni mawazo tu hayo,” na mwingine mwenye mawazo yanayomla usiku kucha anapewa kidonge cha maumivu. Kumheshimu anayeumia ni kumchunguza kwanza, kabla ya kumtungia hadithi.

Mwili ukionekana mzima, ndipo tunaangalia siku yake inavyopita. Msituni chakula ni kazi. Kutafuta, kupasua, kumenya, kugombana kidogo na jirani, jua limezama. Ndani ya tundu bakuli linajazwa asubuhi, anakula kwa dakika chache, halafu saa zote zilizobaki hana kitu. Mdomo ule uliumbwa kwa kazi. Ukikosa kazi unageukia kilicho karibu, nacho ni mwili wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2003 majaribio yao na kasuku wachanga wa jamii ya Amazon: waliopewa vitu vya kutafuna, vya kufungua na vya kupekua ili wapate chakula walijinyonyoa kidogo kuliko waliokaa kwenye matundu matupu, na hata waliokwisha kuanza walipata nafuu.

Lakini ndugu msomaji, usije ukachukua somo hili upande mbaya. Asiseme mtu: kumbe kupunguza mgawo ni kuwapa watu shughuli! Mwenye kasuku anayefuata ushauri huu hapunguzi punje hata moja. Anazificha tu, ili kupata kuwe na utamu wa kutafuta. Njaa haijawahi kuwa kazi.

Kuna dawa nyingine watu wanaipenda: kola. Ni kipande kigumu cha plastiki kinachovishwa shingoni ili mdomo usifikie kifua. Manyoya yanaweza kuota tena, wageni hawashtuki. Je, ni haki? Kama kuna kidonda kibichi, ndiyo, kwa siku chache, kama bandeji. Lakini kola haijibu kilichomfanya aanze. Kipimo changu ni hiki: anayepata nafuu ni nani, ndege au mimi ninayemwangalia? Kama ni mimi, basi nimetibu macho yangu.

Nilimwona ndege wa namna hii Area 36, Lilongwe, kwa mama mmoja mwenyeji wa Bukavu aliyeolewa huku Malawi. Hakumnunua. Aliachiwa na familia moja iliyohama nchi. Aliniambia: “Mwanangu, nimufanye nini? Nikimufungulia, paka atamukula. Nikimufunga, anajikula yeye mwenyewe.” Nilimjibu, “Pole, Mama,” nikanyamaza, maana alikuwa amesema kitu kizito kuliko alivyojua.

Ni kweli, kufungua mlango siyo kila mara kumpa mtu uhuru. Malawi ina kasuku wake, kama wale wadogo wa kijani wanaopatikana Liwonde, lakini kasuku wa kijivu hana kundi huku. Akitolewa nje atakuwa peke yake kwenye mji wa waya za umeme. Huyo mama hakuukata mti, hakutega ulimbo. Ila tundu liko sebuleni kwake, na aliyelifungia jambo hilo mwanzoni hapatikani tena. Nadhani huo ndio mzigo mgumu kabisa katika maadili: kuwa mwaminifu ndani ya kosa ambalo wewe hukulianzisha.

Na mtego bado upo. Dawa ya upweke ni mwenzake, si ndiyo? Basi amnunulie wa pili. Lakini anayeuza ndege gizani atarudi kwa mwindaji kutafuta mwingine, na huko msituni kundi jingine litapungukiwa. Ukimponya mmoja kwa njia hiyo, umelipia jeraha la mwingine. Kwa hiyo mimi nasema hapana. Amtafutie mwenza miongoni mwa walio matunduni tayari, au ampe muda wake mwenyewe kila siku. Ampanulie nafasi, amfichie chakula, asimfokee anapojinyonyoa, maana kelele nazo ni aina ya mazungumzo kwa aliyekosa mazungumzo. Na ampende vile alivyo, na kifua chake kitupu, bila kumficha wageni wakija.

Najua msomaji amekwisha kufika mahali nilipokuwa nachelewa kufika. Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu kama 10,000. Sasa tumepita 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake juu ya ajira na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini waliamriwa warudi kambini. Kwa hiyo mfano wa ndege na tundu unajileta wenyewe, na wageni wanaupenda sana.

Mimi siupendi wote. Kasuku anarudia maneno, lakini hawezi kueleza nani alimkata mabawa na kwa nini. Sisi tunaweza. Anayetusemea kama vile tunasemewa ndege anatunyang'anya kitu kile kile kinachotutofautisha naye. Pia hapa Dzaleka watu hawakungoja kufichiwa mbegu: wana vioski, cherehani, kwaya, na tamasha la Tumaini ambalo tangu 2014 linawaleta watu kutoka mbali kuja kwetu.

Ila sehemu moja ya mfano naikubali, nayo ni lile kosa la kuangalia mdomo na kusahau tundu. Kijana anapoanza kunywa kupita kiasi, au dada anapojifungia ndani wiki nzima, tunaita semina ya kustahimili. Sizikatai semina. Nazipima kwa kipimo kile kile cha kola: anayepata nafuu ni nani? Kama kijana anatoka na kitu cha kufanya na mtu wa kuongea naye, ni vizuri. Kama anatoka ametulia tu ili ripoti ipendeze, amevishwa kola.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, sisemi mlitega ulimbo. Wengi wenu mko kama yule mama: tundu liko mikononi mwenu na sheria haikutungwa na nyinyi. Deni lenu ni lile lile, pamoja na moja zaidi: msiliite tundu kiota. Mtu anaweza kuvumilia mengi akiambiwa ukweli wa mahali alipo.

Mwisho, jambo ambalo mfugaji yeyote anapaswa kulijua. Unyoya ukitolewa, kwa kawaida unaota mwingine. Lakini ukitolewa mahali pale pale tena na tena, shina lake chini ya ngozi linaharibika, na pale hapaoti kitu tena hata ndege akija kupata msitu wote. Kwa hiyo kungoja nako ni tendo, na lina matokeo yake. Anayesema “tuone mwaka ujao” ajue kwamba mwaka huo unakatwa kwenye ngozi ya mwingine.