MAJI YA MICHIRIZI: JE, KUYAACHA YAPOTEE NI KOSA?



Leo tumependa tuwaze pamoja juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Tangu mwezi wa tisa au wa kumi mpaka mwezi wa tano mvua inanyesha kwetu Ubwari na katika Fizi yote. Maji yanashuka juu ya mabati, yanachimba mashimo chini ya michirizi, yanafuata njia na kukimbilia ziwani. Wakati huo huo, ndani ya nyumba ile ile, sakafu inapigwa deki kwa maji ambayo binti ameyabeba kichwani asubuhi, kutoka ziwani au kwenye robine ya watu wote. Swali letu ni hili: Je, kuyaacha maji ya mvua yapotee, na kumwaga sakafuni maji ya binti yule, ni desturi tu isiyo na ubaya? Au ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya mtoto?

Wengine wanajibu upesi kwamba hakuna kosa. Wanasema: Tazameni Ziwa Tanganyika. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, kina chake kinafika karibu mita 1470, na nchi nne zinakunywa humo: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Rasi yetu imezungukwa na maji pande tatu. Mtu wa Ubwari atawezaje kufundishwa kubana maji? Ni kama kumwambia abane pumzi. Tena maji ni zawadi ya Mungu, hayana bei.

Neno hilo lina ukweli, tusilidharau. Ziwa halitapungua kwa sababu mama mmoja amepiga deki. Lakini wasemao hivyo wanachanganya vitu viwili. Maji yaliyo ziwani ni zawadi, ndiyo. Maji yaliyo ndani ya mtungi wa nyumbani ni zawadi pamoja na kazi ya mtu. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mashirika ya misaada huhesabu kwamba mtu mmoja anahitaji walau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Nyumba ya watu 8 inahitaji lita 120, ndiyo bidoni 6 kila siku. Mungu hakuzipandisha bidoni hizo mpaka mlangoni. Zimepandishwa na shingo ya mtu, na mara nyingi ni shingo ya mama au ya binti. Kwa ndugu zetu wa Fizi-centre, walio mlimani mbali na ziwa, hata hoja ya ziwa haipo.

Wengi wetu tuliokimbia vita tangu 1996 na kuishi Nyarugusu au Lugufu, upande wa Kigoma, tunajua jambo hili bila kufundishwa. Kule bidoni zilipangwa mstari mbele ya bomba, na mtu aliyemwaga maji ovyo alitazamwa na wote. Tulipoanza kurudi, kuanzia mwaka 2005, tulikuta ziwa letu mahali pake, na heshima ile ya maji ikabaki kambini. Je, maji yalikuwa na thamani kule kwa sababu tuliona foleni, na hapa hayana kwa sababu hatumwoni anayeyabeba?

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, tunasoma habari ya Daudi. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya katikati ya Wafilisti wakamletea. Daudi hakukubali kuyanywa. Aliona kwamba ndani ya maji yale mlikuwa na damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akayamimina mbele za Bwana. Hapa mtu mwerevu anaweza kutushika: Mbona Daudi naye aliyamwaga? Basi kumwaga si kosa! Tunamjibu hivi. Daudi alimimina kwa sababu aliyaona maji yale kuwa ya thamani kubwa mno kwa ajili ya haja yake ndogo. Sisi tunamwaga kwa sababu tunayaona hayana thamani. Mikono inafanya tendo moja, lakini mioyo imeachana mbali.

Na binti zetu nao wanahatarisha. Anayeshuka ziwani kabla ya jua anakutana na giza, pengine na mamba, pengine na mtu mbaya njiani. Anayesubiri kwenye robine anachelewa shule, na akichelewa mara nyingi anaiacha. Hatusemi kwamba maji ya kunywa yasichotwe. Lazima yachotwe. Tunauliza tu: Ile safari ya nne na ya tano, iliyokuwa ya maji ya kusugua sakafu na kuosha matope, ilikuwa ya lazima siku ambayo mvua ilinyesha usiku kucha?

Tuhesabu kidogo, maana neno lisilo na hesabu husahauliwa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 6 kwa 5 ina mita za mraba 30. Mvua nzuri ya milimita 20 itatoa hapo lita 600. Tutoe sehemu moja ya tano kwa maji yanayoruka nje na yale ya kwanza ya kusafisha paa. Zinabaki lita 480, ndizo bidoni 24. Mwenye mchirizi upande mmoja tu atapata 12. Kwa kunywa na kupika, nyumba ile ya watu 8 inahitaji kama bidoni 3 kwa siku, na 3 nyingine ni za usafi. Basi upande mmoja wa paa, kwa mvua moja, umelipa usafi wa siku nne. Na mchirizi si lazima ununuliwe: mwanzi uliopasuliwa, gome la mgomba au bati kuukuu lililokunjwa vinaweza kuyaongoza maji mpaka kwenye pipa.

Tena maji haya yana faida nyingine ambayo wamama wafuaji wanaijua kwa mikono yao. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi za mawe ndani yake, na sabuni haitoi povu upesi. Maji ya mvua ni laini. Kipande kidogo cha sabuni kinatosha kufua nguo nyingi. Wale wenye kanzu nyeupe za ibada waangalie jambo moja tu: paa lenye kutu linatia madoa. Kwa nguo nyeupe, mkinge mvua moja kwa moja katika beseni safi lililowekwa wazi uwanjani.

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Kuanzia Uvira kupita Baraka mpaka Kalemie, kipindupindu kinarudi karibu kila mwaka. Ugonjwa huu unapita katika maji yenye uchafu wa choo, na mvua kubwa hushusha uchafu huo ziwani. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika mitaa ya Uvira na Kalemie, maji na vyoo vilichanganyika. Na nani amesahau Goma, mwezi wa saba mwaka 1994? Wakimbizi walikaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, maji yakiwa mbele yao mpaka macho yanapoishia, na kipindupindu pamoja na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache. Wingi wa maji haukuwaokoa. Walichokosa ni maji safi.

Hapo ndipo hoja ya ukubwa wa ziwa inapoanguka. Maji mengi si kitu kimoja na maji safi mengi. Katika nyumba zetu maji safi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, ni machache daima. Anayeyamwaga sakafuni ameyaondoa katika kikombe cha mtoto na katika mikono ya mama anayetoka chooni kisha kuosha sombe na ndagala. Maji ya mvua yakichukua kazi ya sakafu, ya choo, ya miguu yenye matope na ya kufua, maji safi yanabaki kwa kinywa na kwa mikono. Lakini tusidanganyane: maji ya paa hushuka na vumbi na mavi ya ndege. Si ya kunywa bila kuchemshwa, na vyombo vya kulia visuuzwe mwishoni kwa maji safi.

Kuna ndugu atakayesema: Mvua ni neema, na neema haiwekwi akiba. Wana wa Israeli walipoiweka mana mpaka asubuhi, ilitoa mabuu. Ni kweli. Lakini kitabu kile kile cha Kutoka kinaonyesha kwamba siku ya sita waliokota mara mbili, wakaweka kwa ajili ya Sabato, na haikuoza. Basi kosa halikuwa kuweka. Kosa lilikuwa kuweka kwa kutoamini na kwa choyo. Maji ya mvua yana somo lile lile. Ukiyakinga ili uyatumie, ni baraka. Ukiyaacha wazi ndani ya pipa wiki mbili, yatatoa viluwiluwi vya mbu, na malaria itaingia nyumbani kwako na kwa jirani. Yafunikwe kwa kitambaa au kifuniko, na yatumike kabla ya wiki kwisha. Kifuniko hicho kinamlinda pia mtoto mdogo asitumbukie.

Tuseme na habari ya jirani. Mvua inawanyeshea wema na waovu pasipo kubagua, lakini mabati hayakugawanywa hivyo. Mwenye mabati anapata bidoni 24. Mjane mwenye nyumba ya nyasi anapata maji ya rangi ya chai, tena machache. Je, maji ya paa langu ni yangu peke yangu? Sisi tunaona kwamba kazi ya kuyakinga inanipa haki ya kuyatumia kwanza, lakini mvua yenyewe sikuifanya mimi. Pipa likijaa, kumnyima jirani beseni moja ni kumfungia mlango mgeni wa Mungu. Na kama nisipoyakinga, yanakwenda wapi? Mara nyingi yanabomoa msingi wa nyumba ya udongo iliyo chini yangu. Kwa hiyo anayekinga anamsaidia jirani mara mbili.

Hekalu nalo lina paa kubwa kuliko nyumba zote za kijiji. Mashemasi na wamama wa usafi tuliulizane: kwa nini hekalu lisuguliwe kwa maji yaliyobebwa na wasichana, siku ambayo paa lake lenyewe limemwaga mapipa?

Nje ya kwetu wako watu waliolifanya jambo hili kuwa sheria. Kisiwa cha Bermuda, katika bahari ya Atlantiki, hakina mto wala ziwa la maji matamu, na kila nyumba inatakiwa kukinga mvua kwenye paa lake na kuitunza. Wao walisukumwa na ukosefu. Sisi tunaweza kusukumwa na upendo, na pengine hiyo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu hakuna kiu ya kutukumbusha.

Neno moja la tahadhari. Milima ya mashariki ya Congo ni kati ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Asitumwe mtoto nje kupanga mabeseni wakati ngurumo zinalia. Vyombo vipangwe wingu linapoonekana. Haifai kumpunguzia binti mzigo wa maji kwa kumtia katika hatari ya radi.

Basi jibu letu ni nini? Hatuandiki amri mpya, wala hatumwiti mwenye dhambi mama ambaye hana pipa. Tunasema kwamba mwenye uwezo wa kukinga, akakataa kwa sababu kuna mtoto wa kutumwa, amekosa. Hakulikosea ziwa. Amemkosea mtoto yule. Kila baba mwenye nyumba atazame paa lake kabla ya mvua ijayo, apasue mwanzi mmoja, kisha amuulize binti yake kesho yake amekwenda ziwani mara ngapi.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu, tangu Mboko hadi Kazimia. Amina.