Azima Sufuria, Usikope Krismasi

Somo: 2 Wafalme 4:1–10, Luka 2:7



Wiki hii akina mama watatu wameniuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake: "Pasta, ushirika wetu utakula Krismasi kwangu mwaka huu. Nyumba nitaipambaje na sina pesa?" Mwingine angesema hilo si swali la madhabahuni. Mimi nasema ni la hapa hapa, kwa sababu ni mahali ambapo niliwahi kuanguka. Kwa hivyo leo tunahubiri juu ya jikoni na meza ya kulia, na nitaanza na ushuhuda ambao sina raha kuutoa.

Desemba ya 2017, kabla sijaanza huduma hii, tulikuwa tunaishi Kayole katika nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa sebule na ndicho kilikuwa pa kulia. Jikoni ilikuwa kona tu, imefungwa kwa pazia, na ukuta wake ulikuwa mweusi kwa moshi wa stovu ya mafuta taa. Tulikuwa na meza moja na viti vinne, na kimoja kati ya hivyo vinne ulikuwa unakikalia kwa imani.

Ushirika ulikubaliana chakula cha Krismasi kiwe kwetu. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekula kwa dada mmoja ambaye Mungu amemjalia. Kwake meza ni ya watu wanane, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, gilasi zote zinafanana. Nikaangalia kwangu, nikaona aibu.

Sikumwambia mume wangu. Nilichukua simu nikakopa shilingi 8,000 mahali pamoja na 4,500 mahali pengine. Nikaenda mjini nikanunua mti wa plastiki, taa za kumetameta, kitambaa cha meza cheupe cha kung'aa, nguo za viti vinne, gilasi kumi na mbili na maua ya plastiki. Mume wangu alipouliza, nikasema ni pesa za chama. Huo ulikuwa uongo, watu wa Mungu, na niliusema nikiwa nimeshika mkononi taa za kumkaribisha Yesu.

Wageni walikuja kumi na wanne. Viti vilikuwa bado ni vinne! Vimevaa vizuri, lakini ni vinne. Wazee wakakaa vitini, sisi wengine kwa kitanda na ndoo zilizopinduliwa, na watoto chini. Nyama ilikuwa kilo mbili, kwa sababu pesa zilikuwa zimeisha kwa gilasi. Mimi sikukaa. Nilikuwa nazunguka meza nikilinda kitambaa.

Halafu mtoto mmoja, kijana wa miaka minne hivi, akaegemea meza akamwaga supu. Ikatapakaa pale katikati. Mama yake alikuwa dada wa ushirika wetu, mjane. Na mimi nikapaza sauti mbele ya watu wote: "Unajua kitambaa hiki ni pesa ngapi?" Mtoto wa miaka minne namuuliza bei.

Yule dada alisimama, akafungua leso yake kiunoni, akapangusa. Akasema, "Pole, dada." Akamshika mtoto mkono, akasema anampeleka akalale. Hawakurudi. Sahani yao ilibaki mezani na pilau yake, haijaguswa. Jioni dada mwingine ndiye aliniambia kwamba kwa yule mama siku hiyo jiko halikuwa limewashwa. Walikuwa wanangojea chakula cha kwetu tangu asubuhi.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Januari ilipofika, ile mnaita Njaanuari, simu zikaanza. Sikuwa na cha kulipa. Wale waliokuwa wananidai wakampigia mama mkwe wangu, na hivyo ndivyo mume wangu alijua. Binti yetu alikaa nyumbani wiki mbili akingojea karo. Mti wa plastiki ulikuwa bado umesimama pale kwa kona, unamtazama.

Sasa fungua Biblia yako, 2 Wafalme mlango wa nne.

Mlango huu unaanza na nyumba yenye deni. Mjane wa mtumishi wa Mungu anamlilia Elisha: mwenye kudai amekuja, na anataka kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tazama deni linavyofanya kazi. Linaingia kwa mkono wa mzazi, lakini likija kuchukua, linaangalia watoto. Nilipoisoma hiyo mistari mwaka wa 2018 nikiwa na binti yangu sebuleni, amevaa sare na hana shule ya kwenda, nililia.

Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Hana kitu ila chupa ya mafuta. Na mtumishi wa Mungu anamwambia aende kwa majirani akaombe vyombo, vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Wapendwa, Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa. Kuna kukopa na kuna kuazima. Ukikopa pesa, unazila halafu unatafuta nyingine za kulipa, na mara nyingi unalipa zaidi. Ukiazima sufuria, unarudisha sufuria ile ile, ikiwa imeoshwa. Yule mama tayari alikuwa na deni la pesa. Mungu hakumtuma aongeze lingine. Alimtuma kuazima. Mwambie jirani yako: azima sufuria, usikope Krismasi.

Halafu aliambiwa afunge mlango. Muujiza ulifanyika ndani ya nyumba, mlango umefungwa, hakuna mtu wa kupiga makofi. Mafuta yakajaa, akauza, akalipa deni kwanza, na wakaishi kwa kilichobaki. Kwanza deni, halafu maisha.

Endelea hadi mstari wa nane. Nyumba nyingine hii, mji wa Shunemu. Huyu mama ana uwezo. Anataka kumkaribisha Elisha, na mstari wa tisa na wa kumi anazungumza na nani kwanza? Na mume wake. Hapo peke yake nilikuwa tayari nimeshindwa mtihani. Wanamtengenezea mgeni chumba kidogo, na Biblia inataja vilivyowekwa ndani: kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne, kwa mtu mwenye uwezo! Na kila kimoja ni cha mgeni kutumia. Hakuna hata kimoja cha mgeni kutazama tu.

Kitanda tukiache, leo tuko jikoni. Tubaki na meza, kiti na taa. Nitawaambia vile tulifanya Krismasi iliyofuata, ya 2018, maana deni tulikuwa tumelimaliza mwezi wa nane na tuliapa mbele za Mungu kutorudi huko.

Kwanza, kiti. Anza na kiti kabla ya pambo. Hesabu wageni, halafu hesabu mahali pa kukaa. Tuliomba mzee wa kanisa ruhusa tukapewa mabenchi mawili. Majirani wa ploti wakatupa stuli sita. Kila kitu tuliweka alama kwa uzi, ili kirudi kwa mwenyewe. Na stuli sita zisizofanana zikifungwa riboni moja nyekundu mguuni, zinafanana. Hiyo ndiyo siri ya kupamba kwa pesa kidogo: chagua rangi moja au mbili, zirudie kila mahali, na jicho litaona mpango.

Pili, meza. Mume wangu aliazima meza ya jirani. Ilikuwa fupi kuliko yetu, akaweka vipande vya mbao chini ya miguu zikalingana. Juu yake nikatandika leso zangu tatu, zile ninazo siku zote. Katikati hatukuweka maua ya plastiki. Desemba ni msimu wa maembe, nikanunua maembe kumi nikayapanga kwa sinia na matawi ya bogenvilia ambayo jirani aliniruhusu kukata uani kwake. Pambo hilo lilikaa mezani mpaka saa tisa, halafu tukalimenya tukalila. Ukinunua pambo, nunua linaloliwa.

Tatu, taa. Usiku uliotangulia tulisugua jikoni. Wengine mnaruka hapa mnaenda kununua baluni. Moshi ukiwa ukutani, baluni zitapamba moshi. Tulikwangua ukuta, tukapaka chokaa mara mbili, brashi ya kuazima, na ile kona ikawa na mwanga ambao taa za kumetameta hazikuwahi kuupa. Tulikata pia tawi la sipresi, tukaomba kwanza kwa mwenye ua, tukalisimamisha kwa debe la mchanga na mawe. Mshumaa mmoja tuliuweka kwa gilasi yenye mchanga chini. Na nisikie vizuri hapa: tawi kavu la sipresi linashika moto haraka sana. Liweke mbali na stovu, mbali na mshumaa. Usining'inize karatasi wala baluni juu ya moto wa kupikia. Na kama mnapikia makaa, yapikieni nje, msiingize jiko la makaa ndani mkafunga madirisha. Hatutaki Krismasi ya kutoa rambirambi.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: chokaa shilingi 200, maembe 200, riboni 120, baluni pakiti moja 150, mishumaa 100. Jumla shilingi 770. Ile pesa nyingine tuliyokuwa tumeweka akiba kidogo kidogo ikaenda kwa nyama, mchele na unga wa chapati, na wakala wakashiba.

Lakini sijamaliza, kwa sababu sahani ile ilikuwa bado inaniuma.

Mwezi wa pili mwaka huo nilikuwa nimeenda kwa yule dada kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno makali. Hakuyasema. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akasema, "Mimi nilisamehe siku ile ile. Lakini mtoto huniuliza kila tukipita kwenu kama bado umekasirika." Nilipiga magoti nikamwomba msamaha mtoto wa miaka minne. Alinitazama, akaniuliza kama kitambaa kilitoka doa.

Hakikutoka. Nilikuwa nimekiloweka kwa sabuni, nimekipaka limau, nimekianika juani wiki nzima. Doa liko mpaka leo. Krismasi ile ya 2018 nilikuwa nimekiweka kabatini, na yeye alipofika na mama yake, jambo la kwanza aliuliza kiko wapi. Nikakitoa, tukakitandika juu ya leso, doa likiwa wazi pale katikati, na nikamkalisha mahali pale pale pa doa. Alikula sahani mbili. Mama yake alikuja na sufuria kubwa tuliyokuwa tumeazima kwake, na tulipokuwa tunapika alisimama kando yangu, akisukuma chapati na mimi nikichoma.

Sasa twende Luka 2:7 tumalizie. Mariamu alimlaza mtoto wake horini. Hori ni nini? Ni chombo cha kulishia mifugo. Na Bethlehemu, kwa Kiebrania, maana yake ni nyumba ya mkate. Kwa hivyo katika mji unaoitwa nyumba ya mkate, Mwokozi alilazwa mahali pa kuwekea chakula. Krismasi ya kwanza ilikuwa mahali pa kulia! Na Luka hasemi mji ule ulikosa mapambo. Anasema walikosa nafasi.

Mimi mwaka ule nilikuwa na mapambo ya shilingi 12,500 na sikuwa na nafasi. Mtoto alikuja na njaa nyumbani kwangu siku ya kuzaliwa kwa Yesu, na akaondoka nayo. Nimesamehewa, Mungu asifiwe, lakini nawaambia ili wewe usipitie huko.

Kwa hivyo mama uliyeniuliza, na ninyi akina baba mnaosikia kimya kimya kana kwamba jikoni si kwenu: kabla hujanunua chochote wiki hii, kaeni wawili mezani. Andikeni mlicho nacho nyumbani. Wekeni karo kando kwanza. Halafu chukua kila kitu unachotaka kununua ukiulize: wewe ni wa mgeni kutumia, au ni wa watu kuona? Na ukishatandika meza, acha mahali pamoja pa mtu ambaye hawezi kukualika naye kwake. Unamjua. Anaishi ploti hiyo hiyo.

Yule kijana sasa yuko gredi ya saba. Kila Desemba huja siku moja kabla kufunga riboni kwa stuli, na kitambaa hutandika mwenyewe.

Tuombe. Baba, asante kwa sababu ulikubali kulazwa mahali pa chakula. Tusamehe kwa kuogopa macho ya watu kuliko njaa ya watoto. Walio na deni wape hekima ya kulimaliza na nguvu ya kutolirudia. Ingia katika jikoni zetu, zile zenye vigae na zile za kona na pazia. Tupe kiti cha ziada, na mtu wa kukikalia. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni vyombo gani, viti au meza ambazo tunaweza kuazimana hapa hapa badala ya kila mtu kununua? Andikeni orodha, na nani atarudisha siku gani.
2. Nani katika ploti au mtaa wetu atakula peke yake Krismasi, au hatakula? Nani ataenda kumwalika kabla ya Jumapili ijayo?
3. Kuna mtu aliyewahi kuondoka mezani kwako akiwa ameumia? Umeenda kwake?