Nani Ana Haki ya Kusimamisha Kazi?

Tangu utoto wetu tumefundishwa kutii. Wazee husema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hili ni la kweli, wala hatutaki kulivunja. Nyumba isiyo na utii haina amani, na kazi isiyo na kapita haiendi. Lakini kuna mahali ambapo neno hili linapimwa kwa moto, ndipo wanapotoboa ardhi kutafuta petroli na gesi. Huko mtu mdogo aweza kuona hatari ambayo mkubwa hajaiona bado, na dakika chache tu hutenga uzima na kifo. Basi tunauliza: Je, mfanya kazi anayeona hatari ana haki ya kusimamisha kazi ya bwana wake, bila kungoja ruhusa?

Ndugu wasomaji, msidhani kwamba swali hili ni la Wazungu peke yao. Katika Kongo petroli hutolewa huko Muanda, pwani ya bahari. Na ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Uganda, kazi ya kutoboa visima vya Kingfisher ilizinduliwa Januari 2023. Vijana wetu waweza kuitwa kesho kwa kazi ya namna hii.

Moto hutoka wapi?

Petroli na gesi zimefungwa chini ya miamba, nazo zinasukuma kwa nguvu nyingi. Wakati wa kutoboa, wafanya kazi huingiza ndani ya shimo tope zito, lililotengenezwa kwa ajili hiyo. Uzito wa tope huizuia gesi isipande. Tope likiwa jepesi mno, au likiondolewa kabla kisima hakijazibwa vizuri, gesi hupanda. Ikifika juu yatosha cheche moja, na cheche haikosekani: injini, waya wa umeme, sigara, au chuma kinachounganishwa kwa moto.

Kwa hiyo kuzuia moto ni kazi ya mambo madogo ya kila siku. Kupima tope linaloingia na tope linalotoka, maana likitoka jingi kuliko lililoingia, ni dalili kwamba gesi inasukuma chini. Kutowasha moto wa kuunganisha chuma pasipo hati ya ruhusa, wala kabla ya kupima hewa. Kuandika kila mashini iliyofunguliwa, tena kumwambia kwa kinywa mwenzi anayepokea zamu. Hakuna jambo gumu hapa. Lakini kila moja linakula muda, na muda ni fedha. Hapo ndipo jaribu linapoingia.

Ruhusa ilikuwapo, haikutumika

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, chombo cha kutobolea visima kiitwacho Deepwater Horizon kilikuwa kinamaliza kazi yake. Watu 126 walikuwa ndani yake. Kazi ilikuwa imechelewa zaidi ya mwezi mmoja, na gharama ya kila siku ilikuwa kubwa sana. Jioni ile walipima kama kisima kimezibwa. Kipimo cha bomba moja kilionyesha kwamba kitu kinasukuma chini. Cha bomba lingine kilionyesha kimya. Badala ya kusimama, wakubwa wa zamu walipata maelezo ya kuwatuliza, wakakubali kwamba kisima ni kizima. Wakaendelea kutoa tope zito na kutia maji ya bahari mahali pake. Kabla saa mbili hazijapita, gesi ilipanda, chombo kikawaka. Watu 11 walikufa, na tarehe 22 Aprili chombo kikazama.

Jambo la kusikitisha ni hili: sheria ya kazi hiyo ilimpa kila mmoja, mkubwa na mdogo, ruhusa ya kusimamisha kazi akiona hatari. Ruhusa ilikuwa imeandikwa, wala hakuna aliyeitumia kuisimamisha kazi jioni ile. Tena kengele kubwa ilikuwa imewekwa hivi kwamba haitalia yenyewe, ili watu wasiamshwe bure usiku. Kwa ajili ya usingizi mzuri, walimnyamazisha mlinzi wao.

Ruhusa ilingojewa, haikuja

Mfano wa pili ni wa Piper Alpha, jukwaa la petroli katika Bahari ya Kaskazini, karibu na Uskoti. Tarehe 6 Julai 1988, mchana, mafundi waliondoa kilango cha usalama cha pampu moja ili kukitengeneza, wakaziba nafasi yake kwa kifuniko tu. Habari hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili iliposimama, wakawasha ile ya kwanza. Gesi ikatoka, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Majukwaa mawili ya jirani, Claymore na Tartan, yalikuwa yanapeleka petroli katika mabomba yaliyoungana na yale ya Piper Alpha. Waliokuwa huko waliona ndugu zao wanaungua. Lakini hawakufunga mabomba yao mara moja, kwa maana waliosimamia waliogopa kusimamisha kazi bila neno la wakubwa wa nchi kavu. Na ndani ya Piper Alpha kwenyewe, watu wengi walikusanyika katika nyumba ya kulala, wakingoja helikopta ambazo hazikuweza kutua. Wengi wa waliokufa waliuawa na moshi. Wengi wa wale 61 waliopona waliacha kungoja, wakateremka kwa kamba au wakaruka baharini.

Jibu letu

Basi, nani ana haki? Tunajibu: kila anayeona hatari ya kweli ana haki hiyo, na zaidi ya haki, ni wajibu wake. Mkuu hupewa amri kwa ajili ya mema ya kazi na ya watu wake. Hakuna bwana mwenye akili anayetaka watu wake waungue. Kwa hiyo anayesimamisha kazi ili kuokoa uzima hakuvunja utii, bali ametimiza yale ambayo bwana wake angeamuru kama angaliona. Tena neno la mkuu "ngojeni hapa" lina mwisho wake: moshi ukiingia, neno hilo limekwisha. Hapo ni kupiga kengele, kuhesabu wenzetu na kuondoka, wala tusirudi kwa ajili ya nguo au fedha.

Watu wengine watasema: Kila mtu akipewa haki hii, mvivu ataitumia kupumzika. Tunakubali kwamba mvivu yupo. Lakini uvivu hujulikana upesi, na uongo una adhabu yake. Mwenye kusimamisha kazi kwa hofu ya haki, kisha hatari isionekane, huyo amepoteza saa chache tu. Nani atalinganisha saa chache na watu 167?

Lakini tusiwabebeshe wadogo mzigo wote. Baba wa watoto sita, mwenye mshahara mdogo, huwaza njaa ya nyumbani kabla ya kufungua kinywa chake. Mzigo mkubwa ni wa mwenye kuamuru. Mkuu asiseme kwamba ameandika ruhusa ukutani, akadhani amemaliza wajibu wake. Tumpime kwa jambo moja: anamtendea namna gani yule aliyesimamisha kazi, na hatari haikuonekana? Akimshukuru mbele ya wote, kesho watu watasema wanayoyaona. Akimcheka au akimkata mshahara, wote watajifunza kunyamaza, na siku ya gesi watanyamaza vilevile.

Katika kila kazi yenye hatari, iwe ya kisima, ya mgodi au ya karakana, tuuliziane tangu leo: Nikisema "simameni", mtanisikiliza? Na anayeulizwa ajibu kwa kweli, kabla moto haujawaka.