Wako Wapi Tuliowatazama Utotoni?

Leo kalamu imetupeleka kwenye jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni sinema.

Nilikuwa Wote, mji mkuu wa Makueni. Asiyeujua, huiacha njia kuu ya Mombasa na Nairobi pale Emali, akashika ya kaskazini katika nchi kavu ya Wakamba yenye maembe matamu. Wako huko Waislamu, wenyeji na waliotoka pwani kwa biashara. Baada ya sala ya Isha tulikaa tukadurusu kidogo, na darsa ilipokwisha wazee wawili wakaanza kukumbushana mambo ya zamani.

Mmoja ni Mkamba wa papo hapo. Utotoni mwake gari la sinema lilikuwa likija sokoni, likatundikwa shuka jeupe, na jenereta ikanguruma. Kwanza watu huonyeshwa namna ya kuchimba matuta ili mvua isichukue udongo, kisha matangazo ya sabuni, nao wakistahimili kama mgonjwa astahimilivyo dawa chungu, kwani walijua kwamba mwisho atatoka Charlie Chaplin na fimbo yake na viatu vyake vikubwa. Wa pili ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Yeye alichukuliwa na mama yake siku ya wanawake, ukumbi umejaa mabuibui, akatazama Mughal-e-Azam, sinema ya Kihindi iliyotoka mwaka 1960. Akamwona Madhubala amefungwa minyororo kwa amri ya Mfalme Akbar.

"Mpaka leo nikifumba macho namwona," akasema, na sauti ikamkatika. "Maalim, yuko wapi yule?"

Kijana mmoja akamtangulia kujibu: "Yuko anakostahili kuwako. Mzee mzima una mvi, wamlilia mcheza sinema?"

Mzee akaivua kofia yake, akawa anaitazama.

Ndugu zangu, sisi katika ukurasa huu si marafiki wa sinema. Tumewalaumu wanaoiacha Magharibi ipite wakitazama picha, na neno hilo hatujalifuta. Lakini kijana yule alikosea, na usiku ule niliwaeleza kwa nini.

Yule Madhubala jina lake la kuzaliwa ni Mumtaz Jehan, binti wa Ataullah Khan. Alizaliwa Delhi mwaka 1933 katika nyumba ya dhiki, na alipokuwa na miaka tisa tu alikwisha tiwa kazini, akaonekana katika sinema iitwayo Basant mwaka 1942. Mtoto wa chuoni, umri wa kufunzwa Juzuu Amma, ndiye aliyekuwa akiwalisha wazazi na ndugu zake. Tena moyo wake ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa, na siku zile dawa ya maradhi hayo ilikuwa haipatikani kwao. Akaficha, akafanya kazi. Wasimuliaji husema kwamba ile minyororo aliyoiona mzee wetu ilikuwa ya chuma kweli, mizito. Baada ya sinema hiyo aliugua miaka mingi, akafa mwaka 1969 naye ana miaka 36. Akazikwa Juhu, Bombay, katika makaburi ya Waislamu. Mwaka 2010 jengo la kaburi lake likaondolewa ili wapatikane pa kuzikwa maiti wengine. Hilo silo la kulaumiwa, kwani ardhi ni haba na wafao ni wengi.

Mwenzake wa sinema ile, Dilip Kumar, ni Yusuf Khan, mwana wa mwuza matunda wa Peshawar. Alijificha nyuma ya jina la kubuni kwa kumkhofu baba yake. Huyo alipewa umri, akafa mwaka 2021 akiwa na miaka 98, akazikwa katika makaburi yale yale ya Juhu. Na Meena Kumari, ambaye ni Mahjabeen Bano, naye pia alitiwa kazini angali mtoto. Alikufa mwaka 1972, wiki chache baada ya sinema yake Pakeezah kutoka, na yasimuliwa kwamba hata fedha za kulipia hospitali zilikosekana.

Yule Mkamba akauliza, "Na Chale wangu?" Nikamwambia kwamba alikufa Uswisi siku ya Krismasi mwaka 1977, tajiri, na mwaka uliofuata watu wawili wakaliiba jeneza lake, wakamdai mjane wake fedha ili walirudishe. Lilipopatikana lilizikwa tena chini ya zege. Mzee akacheka, khalafu akanyamaza. "Yaani hata huko hakuachwa?"

Wala tusisafiri hadi Bombay na Uswisi. Hapa kwetu Kenya alikuwako Benson Wanjau, mashuhuri kwa jina la Mzee Ojwang katika mchezo wa Vitimbi. Miaka na miaka nchi nzima ilicheka kwa sababu yake. Uzeeni macho yakamharibikia, ikabidi watu wamchangie matibabu, akafa mwaka 2015. Nami nitasema la nafsi yangu: nilicheka kila alipotokea, na mchango ulipopitishwa nikasema kwamba watu wa mambo hayo wana pesa zao. Sikutoa hata shilingi.

Basi dhambi niionayo mimi si machozi ya mzee yule. Mtume wetu ametuamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na ametukataza kuwatukana waliokufa, kwa kuwa amali zao wamekwisha zifikia. Sisi tulikula jasho la mtoto wa miaka tisa tukiwa vitini, kisha aliyekula nasi akitaja jina lake twamzomea. Wasio wa dini yetu hukumu yao iko kwa Muumba wao, nasi furaha waliyotupa hatuikani. Ama Waislamu waliokufa, kuwaombea maghufira ni haki yao juu yetu, na mcheza sinema hakutolewa.

Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Niwie radhi, mzee wangu." Mzee akavaa kofia yake. Akanitaka nilitaje tena lile jina, maana miaka yote hiyo hakuwa akilijua. Nikamtajia, naye akainua mikono, akalitamka polepole kama mtu ajifunzaye herufi: Mumtaz binti Ataullah. Sote tukaitikia amin.